K76.0 au K75.81? Kuchagua msimbo sahihi wa ini lenye mafuta

Weka mafaili mawili mezani. La kwanza, maandishi ya daktari ni sentensi tatu: "Ini lina mafuta. Apunguze uzito. Arudi baada ya miezi 6." La pili limeandikwa hivi: "MASH, imethibitishwa kwa biopsi. Kovu la ini hatua ya F3, hakuna sirosisi. Kisukari aina ya 2, anatumia metformin. Unene daraja la 2, BMI 37. Hanywi pombe. Virusi vya homa ya ini B na C havikuonekana."

Mafaili yote mawili ni ya mama mmoja wa miaka 58, aliyeonwa na madaktari wawili ndani ya wiki mbili. Kwa faili la kwanza mweka misimbo, yaani anayegeuza maneno ya daktari kuwa misimbo ya magonjwa, hana pa kwenda ila K76.0, ini lenye mafuta. Kwa la pili anaandika K75.81 (MASH, homa ya ini ya mafuta), K74.02 (kovu la F3), E11.9 (kisukari), Z79.84 (dawa ya kumeza ya kisukari), E66.812 (unene daraja la 2) na Z68.37 (BMI, uwiano wa uzito na urefu). Ini ni lile lile. Lakini anayesoma misimbo peke yake atadhani wa kwanza ana jambo dogo lililoonekana kwa bahati kwenye ultrasaundi, na wa pili amebakiza hatua moja tu ini lisinyae, yaani sirosisi.

Kwa uzoefu wangu, makosa ya ini lenye mafuta mara nyingi hayatokani na kutojua kitabu cha misimbo. Yanatokana na kukimbilia msimbo kabla maswali manne hayajajibiwa: pombe imo au haimo, ini lina mafuta tu au lina uvimbe pia (wa seli zinazodhurika, si wa saratani), kovu limefika wapi, na ni nani aliyesema hayo. Misimbo inayochanganywa mara kwa mara nimeipanga hapa chini miwili miwili, ili anayetaka kuchagua aone tofauti iko kwenye neno gani la daktari.

Kwanza, kitabu gani?

ICD ni orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na ICD-10-CM ya Marekani zinafanana kwa sura, ila kwenye ini zinaachana njia. K76.0, ini lenye mafuta, ipo katika zote mbili. Homa ya ini ya mafuta isiyotokana na pombe, ile ambayo madaktari wameizoea kwa jina la NASH, katika kitabu cha WHO imewekwa ndani ya K75.8, kapu la magonjwa mengine ya uvimbe wa ini. Katika ICD-10-CM ina msimbo wake yenyewe, K75.81. Kovu nalo: WHO wana K74.0 bila hatua yoyote, wakati Marekani waliigawa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2020 kuwa K74.00 kwa kovu ambalo hatua yake haikutajwa, K74.01 kwa kovu la mwanzo la F1 au F2, na K74.02 kwa kovu kubwa la F3.

ICD-11, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, imekuja na mpangilio mwingine. Mafuta yasiyotokana na pombe yako katika DB92: DB92.0 ni mafuta bila NASH, DB92.1 ni NASH yenyewe. Kovu ni DB93.0 na sirosisi ni DB93.1. Misimbo inaweza kuunganishwa kwa mkwaju (/) ili isomeke kama hali moja ya mgonjwa mmoja. Kwa upande wa ini peke yake, naona mpangilio huu ndio bora kuliko yote, kwa sababu mafuta na uvimbe wamekaa kama ndugu wa nyumba moja. Katika ICD-10 mmoja yuko K75 na mwingine K76, na mtu mgeni hawezi kujua kwa kutazama tu kwamba K75.81 ndio ugonjwa uliopea kutoka kwenye K76.0.

Hata hivyo, kitabu hakichaguliwi kwa kupenda. Unatumia kile ambacho kituo chako, wizara au bima inakidai. Kuanzia hapa nitashikamana na ICD-10-CM, kwa kuwa ndiyo inayodai undani mwingi zaidi na ndiyo inayoadhibu uzembe wa maandishi. Inabadilika kila tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo karatasi ya misimbo iliyobandikwa ukutani miaka mitatu iliyopita ishushwe leo.

K76.0 na K75.81: mafuta tu, au mafuta na uvimbe?

Hapa ndipo faili nyingi zinapopotea.

K76.0 inasema kitu kimoja: seli za ini zimejaa mafuta. Haisemi seli zinaumia, haisemi kuna kovu. K75.81 inasema mafuta yapo, uvimbe upo, na seli zimeanza kudhurika. Jina la NASH lilitolewa mwaka 1980 na Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, baada ya kuona kwenye hadubini maini yaliyofanana na ya wanywaji wakubwa wa pombe ilhali wenyewe hawakuwa wanywaji. Mafuta peke yake mara nyingi huenda taratibu. Uvimbe ndio unaoleta kovu, na kovu ndilo linaloleta sirosisi.

Kanuni ya kitabu ni kali: chini ya K76.0 kuna katazo la aina ya kwanza dhidi ya K75.81. Maana yake, misimbo hii miwili haikai pamoja kwa mgonjwa mmoja katika ziara moja. Daktari akiandika "NAFLD, NASH" kwenye mstari mmoja (NAFLD ni ini lenye mafuta lisilotokana na pombe), usiweke yote mawili ukidhani unajihakikishia usalama. NASH imeshabeba mafuta ndani yake. K75.81 inatosha.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, na mara nyingi linafanywa na mtu mwenye bidii. Anaona ALT, kimeng'enya cha ini, imepanda, anaona ultrasaundi imesema mafuta, anaona kisukari na unene, anajiambia: hii ni NASH. Huenda ni kweli. Lakini mweka misimbo haruhusiwi kujumlisha. Vimeng'enya vya ini vilivyopanda vina msimbo wao, R74.01, na vinaweza kupanda kwa dawa, kwa virusi, kwa msuli ulioumia. Hadi mtoa huduma aandike neno NASH au MASH, au "homa ya ini ya mafuta isiyotokana na pombe", K75.81 haifunguki.

Kwa hiyo unapochagua kati ya hii miwili, tafuta neno la uvimbe katika sentensi ya daktari. "Ini lenye mafuta", "steatosisi", "NAFLD", "MASLD" zote zinakwenda K76.0. "NASH", "MASH", "steatohepatiti isiyo ya pombe" zinakwenda K75.81. (MASLD na MASH ni majina mapya, nitayafikia hapa chini.) Likitokea neno "steatohepatiti" limesimama peke yake bila kutaja pombe wala ukosefu wa pombe, simama. Hapo ni swali kwa daktari.

Kuna jambo lingine linaloniumiza kila nikilikuta. Mgonjwa alisajiliwa na "NAFLD" miaka mingi iliyopita, na orodha ya magonjwa yake inanakiliwa ziara hadi ziara. Katikati hapo alifanyiwa biopsi (kipande kidogo cha ini kuchukuliwa na kupimwa), majibu yakarudi NASH yenye kovu, daktari wa ini akaandika barua nzuri yenye kila kitu. Barua iko kwenye faili. Orodha haikuguswa. Kila ziara inayofuata inazaa K76.0, na kila anayemwona mgonjwa huyo kwa haraka anasoma orodha, hasomi barua.

Majina ya zamani na majina mapya

Juni 2023 vyama vikubwa vya madaktari wa ini, AASLD cha Marekani, EASL cha Ulaya na ALEH cha Amerika ya Kilatini, vilikubaliana kubadili majina. NAFLD ikawa MASLD, yaani ugonjwa wa ini lenye mafuta unaohusishwa na hitilafu za umetaboli. NASH ikawa MASH. Neno la zamani lilikuwa linaeleza ugonjwa kwa kile ambacho si, na wengi walioshiriki mjadala huo waliona neno la Kiingereza "fatty" linadhalilisha.

Kwa misimbo, mabadiliko haya ni mepesi kuliko kelele zake: MASLD huelekezwa K76.0, na MASH K75.81. Uzito uko kwenye vigezo. NAFLD ilitambuliwa kwa kuondoa sababu nyingine. MASLD inataka ushahidi wa upande wa pili: mafuta kwenye ini pamoja na angalau kigezo kimoja kati ya vitano. Vigezo hivyo ni BMI ya 25 au zaidi (23 kwa watu wa asili ya Asia) au kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Sukari ya 5.6 mmol/L au zaidi kabla ya kula, au HbA1c (wastani wa sukari ya miezi michache) kuanzia asilimia 5.7, au kisukari aina ya 2. Shinikizo la damu la 130/85 au zaidi. Trigliseridi (mafuta ya damu) za 1.70 mmol/L au zaidi. Na HDL (kolesteroli nzuri) ya 1.0 au chini kwa mwanamume, 1.3 au chini kwa mwanamke. Anayetumia dawa ya mojawapo ya hali hizo anahesabiwa pia.

Daktari anayeandika "MASLD" na kuishia hapo ameandika hitimisho bila ushahidi wake. Ushahidi huo wenyewe una misimbo: I10 kwa shinikizo la damu, E11 na matawi yake kwa kisukari, E78.1 kwa trigliseridi, E66 kwa unene. Hapa pana mtego mdogo wa kukumbuka. BMI inaweza kuchukuliwa kutoka kwenye maandishi ya muuguzi au mtaalamu wa lishe. Unene, hapana. Neno "unene" au "unene daraja la 2" lazima litoke kwa mtoa huduma anayewajibika na mgonjwa, na bila hilo msimbo wa Z68 hauna pa kuegemea. Tangu Oktoba 2024 madaraja ya unene yana misimbo mitatu, E66.811 hadi E66.813, kwa hiyo kuandika "mnene" tu kunapoteza undani.

Nashauri mpito ufanywe kwa kuandika majina yote mawili kwa muda: "MASH (zamani NASH)". Haigharimu kitu, na programu za zamani za kutafuta misimbo zitaelewa.

Pombe: K70 au K76?

Linganisha sentensi hizi mbili. "Ini lina mafuta. Anakunywa pombe." Na nyingine: "Ini lina mafuta kutokana na pombe." Ya pili ni K70.0, ini lenye mafuta la pombe, pamoja na msimbo wa F10 ikiwa daktari ameandika matumizi mabaya ya pombe au utegemezi. Ya kwanza ni habari mbili zilizokaa jirani. Mweka misimbo hana mamlaka ya kuzifungisha ndoa.

Ugumu ni kwamba lugha yetu ya faili kuhusu pombe ni legelege. "Anakunywa kiasi." "Anakunywa kijamii." Maneno hayo hayapimiki, na sasa vipimo ndivyo vinavyoamua ugonjwa uitweje. Kwa majina ya 2023, MASLD ni ya anayekunywa chini ya gramu 140 za pombe kwa wiki kwa mwanamke, au 210 kwa mwanamume. Kuanzia hapo hadi gramu 350 kwa mwanamke na 420 kwa mwanamume, akiwa na hitilafu za umetaboli, anaitwa MetALD. Juu ya hapo ni ugonjwa wa ini wa pombe. Na usitegemee "vinywaji vitatu": kinywaji kimoja cha kawaida kinahesabiwa gramu 14 Marekani, 10 Australia, na kipimo kimoja cha Uingereza ni gramu 8. Andika aina ya kinywaji, ujazo, na mara ngapi kwa wiki. Atakayesoma atapiga hesabu mwenyewe.

MetALD ikiandikwa peke yake, usichague kati ya K70 na K76 kwa kubahatisha. Ni hali yenye mguu huku na mguu kule, na daktari ndiye wa kusema pombe ina nafasi gani.

Tofauti ya K70 na wenzake inaonekana wazi zaidi ugonjwa ukishakomaa. Sirosisi ya pombe yenye maji tumboni ni msimbo mmoja, K70.31, maji yamo humo humo. Sirosisi iliyotokana na MASH yenye maji tumboni inahitaji mitatu: K75.81, K74.60 na R18.8. Aliyezoea mafaili ya pombe akihamia kwenye MASH husahau R18.8, na maji yote yale yanakauka kwenye karatasi.

Mawili ya kupita haraka: daktari akisema ini limeathiriwa na dawa, kwa mfano methotrexate au amiodarone, familia ni K71 pamoja na msimbo wa T wa dawa husika. Na mafuta ya ghafla kwenye ini la mjamzito yanaingia sura ya ujauzito, O26.6, si K76.0. Hali hiyo ni dharura ya kuua, haifai kabisa kuvaa msimbo wa ini la kawaida.

Kovu: K74.0 na K74.6

Hatua za kovu ni F0 hadi F4. F0 haina kovu. F1 na F2 ni K74.01. F3 ni K74.02. F4 ni sirosisi, na sirosisi hutoka nje ya K74.0 kabisa: ni K74.60 ikiwa aina yake haikutajwa, au K74.69 kwa aina nyingine zilizotajwa. K74.0 na K74.6 zinakatazana, kwa hiyo daktari akiandika "kovu kubwa na sirosisi", chukua sirosisi. Na kwa K74.0 kuna amri ya mpangilio: ugonjwa uliosababisha kovu unatangulia. K75.81 kwanza, K74.02 baadaye. Ukigeuza, umeandika kovu lisilo na mzazi.

Sasa namba. Tumrudie mama yetu wa miaka 58. Siku ile ya faili la kwanza alikuwa na AST (kimeng'enya kingine cha ini) ya 62, ALT ya 49 na chembe sahani 150. FIB-4, hesabu ya kukadiria hatari ya kovu, ni umri mara AST, ugawe kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. Yaani 58 × 62, ambayo ni 3,596, ugawe kwa 150 × 7, ambayo ni 1,050. Jibu ni 3.42. Chini ya 1.3 hatari ya kovu kubwa ni ndogo, juu ya 2.67 ni kubwa. Namba zote nne zilikuwa kwenye faili la kwanza. Hakuna aliyezipigia hesabu.

Lakini hata zingepigiwa, 3.42 haina msimbo wa kovu. FIB-4 ni kipimo cha kuchuja. Vivyo hivyo kwa Fibroscan, kipimo cha ugumu wa ini: ripoti ikisema kPa 11.2, wewe huwezi kuigeuza kuwa F3, hata kama una jedwali la mtengenezaji mkononi. Anayegeuza ni daktari, kwa sentensi: "Ugumu wa ini kPa 11.2, unalingana na kovu kubwa, natathmini kuwa F3." Na hata hapo kuna neno la kuangaliwa, "unalingana na", nitalifikia muda si mrefu.

Hatua imekuwa na thamani mpya kwa sababu ya dawa. Machi 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha resmetirom kwa NASH isiyo na sirosisi yenye kovu la wastani hadi kubwa, F2 hadi F3. Agosti 2025 semaglutide ya jina la Wegovy ikapata idhini kwa kundi hilo hilo. Sasa tazama msimbo: K74.01 inabeba F1 na F2 kwa pamoja. Mmoja wao anaangukia ndani ya idhini, mwingine nje, na msimbo ni ule ule. Anayepitia maombi ya dawa akiona K74.01 hajui amwone nani. Hapo msimbo umefika mwisho wa uwezo wake, na "F2" iliyoandikwa kwa mkono wa daktari, pamoja na tarehe na njia ya kupima, ndiyo inayomtetea mgonjwa. Kwa hiyo nikiulizwa kipi bora kati ya "kovu la mwanzo" na "F2, biopsi, mwezi na mwaka", simumunyi maneno. Ya kwanza inatosha kwa msimbo. Ya pili inamtosha mgonjwa.

Kwa sirosisi, tatizo linageuka. Kitabu hakina msimbo wa sirosisi iliyotulia na iliyoharibika. Kuharibika kunaonekana kupitia madhara yake tu: shinikizo la mshipa wa lango ni K76.6, mishipa iliyovimba kwenye umio ni I85.10 isipovuja na I85.11 ikivuja, kuchanganyikiwa akili kwa sababu ya ini ni K76.82 tangu Oktoba 2022. "Sirosisi iliyoharibika" bila kutaja kilichoharibika inaishia K74.60, sawasawa na mtu anayekwenda kazini kila siku.

Wa nje na aliyelazwa: "huenda" moja, misimbo miwili

Kanuni za ICD-10-CM zinalitazama shaka la daktari kwa macho mawili. Mgonjwa wa nje, shaka halihesabiwi. Aliyelazwa, shaka lililobaki hadi siku ya kuruhusiwa linaandikwa kana kwamba ugonjwa upo.

| Faili linasema | Mgonjwa wa nje | Aliyelazwa, siku ya kuruhusiwa |
|---|---|---|
| "Vimeng'enya vya ini vimepanda, huenda ni NASH" | R74.01 | K75.81 |
| "MASH. Yaelekea imefika sirosisi" | K75.81 peke yake | K75.81 na K74.60 |
| Ripoti ya ultrasaundi tu: "ini lina mafuta" | K76.0, ikiwa ziara ni ya kipimo hicho na daktari wa picha ameisoma | Hakuna, hadi daktari anayemtibu aandike |

"Inalingana na", "yaelekea", "inashukiwa" zote zimo kwenye kundi la "huenda". Ndiyo maana ile sentensi ya Fibroscan ilihitaji mwisho wake, "natathmini kuwa F3". Daktari ambaye ana uhakika na ameandika "inalingana na" kwa mazoea tu, katika kliniki ya nje, amefuta utambuzi wake mwenyewe.

Kuna neno lingine linalofuta: "historia ya". "Historia ya sirosisi" kwa lugha ya misimbo ni ugonjwa uliopita. Sirosisi haijapita. Aandike "ana sirosisi", kisha aseme amefanya nini nayo siku hiyo: amepima, amefuatilia, amebadili dawa, amepanga ultrasaundi ya kuchunguza saratani. Ugonjwa uliotajwa kwenye orodha tu, bila dalili yoyote kwamba mtu aliushughulikia, huwa wa kwanza kukatwa wakaguzi wakija.

Kumuuliza daktari: maswali mawili

Swali la kwanza: "Mgonjwa ana kisukari, unene na FIB-4 ya 3.42. Tafadhali andika NASH yenye kovu F3." Hili ni amri iliyovaa nguo za swali. Miongozo ya AHIMA na ACDIS, vyama vya Marekani vya wataalamu wa kumbukumbu na maandishi ya kitabibu, inakataza kumwelekeza daktari kwenye jibu, na inakataza kutaja malipo.

Swali la pili: "Tarehe tajwa: ultrasaundi ini lina mafuta, AST 62, ALT 49, chembe sahani 150. Maandishi yako yanasema 'ini lina mafuta'. Kwa maoni yako ya kitabibu, je, hali ya ini ni: mafuta bila uvimbe, homa ya ini ya mafuta isiyotokana na pombe, ugonjwa wa ini wa pombe, nyingine (taja), haiwezi kuamuliwa kwa sasa? Hatua ya kovu, kama imetathminiwa?" Ushahidi upo, majibu yote yenye mantiki yapo, na mlango wa "haiwezi kuamuliwa" uko wazi.

Niliwahi kupeleka swali la namna hii ya pili kwa daktari mmoja mwenye foleni ndefu, nikitegemea litalala kwenye meza yake. Lilirudi jioni ile ile. Kwenye aina ya ugonjwa alikuwa ameweka alama "haiwezi kuamuliwa kwa sasa". Kwenye hatua ya kovu aliandika maneno mawili: "Haijapimwa bado." Msimbo ukabaki K76.0 vile vile ulivyokuwa asubuhi. Chini ya sahihi yake, kwa kalamu nyingine, alikuwa ameongeza rufaa ya Fibroscan na tarehe ya wiki iliyofuata.